Wimbo ulibaki, mwalimu akapotea: kisa cha Enoch Sontonga

Tarehe 18 Aprili 1905, Johannesburg, alifariki mwalimu mmoja wa shule ya misheni. Umri wake ulikuwa kama miaka 32. Alifundisha watoto, aliongoza kwaya, alihubiri ingawa hakuwa mchungaji, na pembeni alikuwa mpiga picha. Aliacha mke, Diana, na mtoto mmoja wa kiume. Jina lake Enoch Mankayi Sontonga.

Muziki alioutunga mwaka 1897, wa wimbo uitwao Nkosi Sikelel' iAfrika, ndio unaopigwa leo kila wimbo wa taifa wa Tanzania unapopigwa. Zambia nayo inautumia, kwa maneno yake mengine. Afrika Kusini wimbo wao wa taifa unafunguliwa nao. Zimbabwe iliuimba tangu uhuru wa 1980 hadi 1994, na Namibia iliutumia kwa muda mfupi baada ya uhuru wa 1990. Ni vigumu kumtaja mwalimu mwingine wa kwaya barani ambaye kazi yake imewainua vitini watu wengi kiasi hicho. Na bado, kwa karibu miaka tisini, hakuna aliyeweza kuonyesha alipozikwa.

Wengi wakikisimulia kisa hiki husema tu kwamba alisahauliwa, wakasikitika kidogo, wakaendelea na yao. Kwangu maelezo hayo hayatoshi. Kumbukumbu ya mtu hupita mikononi mwa watu: kuna aliyeshika daftari, kuna aliyeandika jina kwenye rejista, kuna aliyekuja kuazima na hakurudisha. Ukiifuata mikono hiyo unaona mahali hasa ilipoponyoka. Nina sababu ya kuifuata. Walimu wa kwaya wa aina yake, watu wa kanisa na wa familia, wanazikwa kila wiki, na mambo yaliyompoteza Sontonga bado yapo palepale.

Mtu mwenyewe

Alizaliwa takribani mwaka 1873 Uitenhage, mji ambao sasa unaitwa Kariega, huko Eastern Cape. Alikuwa Mxhosa. Alisomea ualimu Lovedale, taasisi mashuhuri ya wamisionari wa Kiskoti, kisha akapelekwa kufundisha kwenye shule ya misheni ya Kimethodisti Nancefield, karibu na Johannesburg. Huko alikaa karibu miaka minane.

Johannesburg aliyoikuta ilikuwa changa kuliko yeye. Ilianza mwaka 1886 dhahabu ilipogunduliwa, na katika muda mfupi ikawa imevuta wanaume Waafrika kwa maelfu kwenda kuchimba chini ya ardhi. Vita vya Waingereza na Makaburu vya 1899 hadi 1902 vilimkuta hapo. Hayo yanasaidia kuelewa jambo moja linalotajwa kila anapoelezwa: nyimbo zake nyingi zilikuwa za huzuni. Mtu wa ibada, anayefundisha watoto katika mji wa namna hiyo, alikuwa na ya kumwambia Mungu.

Alimwoa Diana Mgqibisa, binti wa mchungaji aliyeheshimika katika Kanisa la African Methodist Episcopal. Kwa hiyo mahubiri yalikuwa upande wa mume na upande wa mke, na nyimbo zilizaliwa humo katikati. Alizitunga kwa ajili ya wanafunzi wake. Hakuandika kwa ajili ya jukwaa wala kwa ajili ya chama chochote, maana mwaka 1897 ANC, chama kilichokuja kuufanya wimbo wake, kilikuwa hakijazaliwa.

Wimbo tunaouzungumzia aliuandika mwaka huo, akiwa na miaka 24 hivi: ubeti mmoja na kiitikio, pamoja na muziki wake wa sauti nne. Ubeti unaomba Mungu aibariki Afrika. Kiitikio kinamwita Roho Mtakatifu ashuke. Hadharani uliimbwa mara ya kwanza mwaka 1899, katika ibada ya kumweka wakfu mchungaji wa Kimethodisti aliyeitwa Boweni.

Aliyewahi kuimba kwaya anaelewa haraka kwa nini ulienea. Sauti zote zinakwenda pamoja, silabi kwa silabi, na mistari inafanana kiasi kwamba ukishashika wa kwanza umeshashika nusu ya kazi. Besi haina mbio za kuitisha mtu. Kwaya ya kijijini isiyo na kinanda inaweza kuupata kwa jioni moja, na umati usiofanya mazoezi kabisa unaweza kuusimamia bila kuuharibu sana. Hiyo ni hesabu ya mwalimu: alijua waimbaji wake wanaweza nini.

Daftari

Nyimbo zake alikuwa akiziandika kwenye daftari la shule. Shule za misheni za wakati huo zilifundisha muziki kwa nota za sol-fa, zile tunazozijua sote makanisani: d, r, m, f, s, l, t, nukta mbili zikigawa mapigo na mistari ya wima ikigawa vipimo. Uzuri wa sol-fa ni kwamba haihitaji karatasi yenye mistari mitano wala mtambo maalumu wa kuchapa. Kalamu na daftari la hesabu vinatosha. Mwalimu mwingine akija, anakaa mezani, ananakili, anaondoka na wimbo.

Urahisi huohuo ndio uliokuwa hatari. Wimbo ulioandikwa kwa mkono na kunakiliwa kwa mkono husafiri na jina lake, na mara nyingi jina la mtunzi huachwa nyuma. Anayenakili ana haraka, anataka nota na maneno, juu ya karatasi anaandika kichwa cha wimbo basi. Nakala ya tatu hapo haina habari na mtunzi. Ukifungua makabrasha ya kwaya nyingi za Afrika Mashariki leo utakuta nyimbo tele za namna hiyo, na mtunzi mwenyewe pengine yuko hai mtaa wa pili.

Baada ya kifo chake kwaya ziliendelea kupenda nyimbo zile, zikawa zinakwenda kuziazima kwa mjane. Kwa maneno mengine, kwa muda fulani Diana ndiye aliyekuwa maktaba ya Sontonga. Aliyekuja kuazima alijua anamwendea nani na wimbo ni wa nani. Kiungo kilikuwa hai.

Kwaya mojawapo iliyoupeleka wimbo mbali ni ile ya Ohlange, shule ya John Dube huko Natal, iliyokuwa ikifanya maonyesho Johannesburg. Dube ndiye aliyechaguliwa rais wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa ANC, na chama hicho kilipoanzishwa Bloemfontein tarehe 8 Januari 1912, wimbo uliimbwa baada ya sala ya kufunga mkutano. Mwaka 1925 ukafanywa rasmi wimbo wa kufungia mikutano yake.

Na daftari? Liliendelea kuazimwa huku na huko hadi likaishia kwa ndugu mmoja wa ukoo, mwanamke aliyejulikana zaidi kwa jina la utani, Boxing Granny, kwa kuwa hakukosa pambano la ngumi Soweto. Nampenda bibi huyu bila kumjua. Alifariki karibu na wakati ambao taifa liliamua kumpa Sontonga heshima, na daftari halikupatikana tena. Nyimbo nyingine zilizokuwamo zilikwenda nalo.

Tazama jinsi lilivyokaribia kuokoka. Lilivuka vita viwili vya dunia, likavuka miaka ya kuhamishwahamishwa kwa Waafrika wa Johannesburg, likavuka muda wote wa ubaguzi wa rangi, likiwa ndani ya familia. Lilipotea mlangoni.

Mjane na zile peni sita

Kuna habari inayorudiwa sana kwamba Diana aliuza haki za wimbo kwa peni sita, yaani nusu ya shilingi moja ya wakati ule. Alifariki mwaka 1929.

Hapa watu wengi hukosea hukumu. Wanaichukua hiyo habari kama kituko: mama hakujua thamani ya alichokuwa nacho. Mimi naiona tofauti. Mumewe alikufa kijana, akamwachia mtoto na daftari. Kwa miaka mingi watu walikuwa wanaazima nyimbo hizo, na kuazima hakulipwi. Wimbo ulikuwa umeshasambaa kwa mdomo na kwa nakala za mkono, hakuna ambaye angemwomba ruhusa ili auimbe. Katika hali hiyo "haki" alizokuwa nazo zilikuwa na thamani gani mkononi mwake? Mwenye lawama aipeleke kwa aliyetoa hizo peni sita, ambaye bila shaka alikuwa na hesabu yake.

Kinachonishughulisha zaidi ni miaka. Kati ya 1905 na 1929 kuna miaka 24. Ndani ya miaka hiyo wimbo ulifika kwenye mkutano wa kuanzisha chama. Tarehe 16 Oktoba 1923 mwandishi Sol Plaatje aliurekodi London, Sylvia Colenso akimpigia piano, na hiyo ndiyo rekodi ya kwanza ya wimbo huo. Mwaka 1927 mshairi Samuel Mqhayi aliongeza beti saba, na Lovedale, palepale Sontonga aliposomea, wakauchapa kama kijitabu. Muda wote huo mtu aliyelala nyumba moja na mtunzi, aliyeusikia wimbo kabla haujafika kanisani, alikuwa hai. Alijua mumewe alizikwa wapi. Alijua alikuwa anaandika usiku au asubuhi, alijua mtoto alimlilia vipi. Hayo hayakufika kwenye kijitabu chochote.

Wanaume wa mikutano walikuwa na mambo makubwa ya kufanya: Sheria ya Ardhi ya 1913 ilikuwa imewapokonya watu wao nchi. Siwalaumu kwa kutokwenda kumhoji mjane kuhusu nyimbo. Ila gharama ya kutokwenda ililipwa baadaye, na ilikuwa kubwa.

Rejista ya makaburi

Sasa kaburi. Alizikwa Braamfontein, kwenye sehemu ya makaburi iliyotengwa kwa Waafrika Wakristo. Waliokuja kumtafuta walikuwa na jina lake la ukoo, jina ambalo historia ilikuwa imelishika, wakawa wanatafuta Sontonga. Hayumo. Yumo Enoch. Karani aliandika jina la ubatizo pale ambapo jina la ukoo lilipaswa kuwa.

Nimelifikiria sana kosa hilo dogo. Kwa mzungu aliyezikwa wiki hiyohiyo, karani angeuliza jina la ukoo kabla ya kitu kingine. Kwa Mwafrika, jina moja lilitosha, hasa lile la ubatizo ambalo karani aliweza kulitamka. Waajiri walifanya hivyo, mahakama zilifanya hivyo, migodi ilifanya hivyo. Mwalimu aliyesomeshwa Lovedale, anayeandika muziki wa sauti nne, aliingizwa ardhini kama mtumishi wa nyumbani anavyoitwa jikoni. Na rejista ikishaandikwa hivyo, kila anayekuja baadaye na swali sahihi hupata jibu lisilo sahihi.

Kaburi lilipatikana katika miaka ya tisini, baada ya ubaguzi wa rangi kuanza kubomoka. Tarehe 24 Septemba 1996, Siku ya Urithi, Rais Nelson Mandela alizindua mnara wa kumbukumbu mahali hapo, kaburi likatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa, na Sontonga akapewa nishani ya dhahabu ya utumishi uliotukuka. Aliyeipokea ni mjukuu wake.

Mjukuu. Kwa hiyo familia ilikuwapo muda wote, haikuwa imekatika. Mtoto yule mmoja alikua, akazaa, ukoo ukaendelea, na daftari lilikuwa ndani ya ukoo huohuo. Taifa lilikuwa na wimbo, familia ilikuwa na mtu, na hapakuwa na uzi wa kuunganisha hivyo viwili. Ukisoma kisa hiki haraka unaweza kudhani ni kisa cha mtu asiye na wa kumkumbuka. Sivyo kabisa. Alikumbukwa, ila kumbukumbu yake ilibaki sebuleni.

Sehemu ya mhubiri iliyoondoka kwanza

Kuna upotevu mwingine ambao hauzungumzwi sana, nao uko ndani ya wimbo wenyewe.

Kiitikio cha Sontonga ni ombi la wazi: Roho ashuke, Roho Mtakatifu. Hicho ndicho kitovu cha utunzi wa mtu aliyekuwa akihubiri. Tanganyika ilipoupokea muziki huo mwaka 1961, kiitikio kilikuwa cha kuibariki Afrika na kuwabariki watoto wake, kisha ubeti wa pili ukaombea nchi. Zambia mwaka 1964 waliandika maneno mapya kabisa. Afrika Kusini, iliyokuwa na nyimbo mbili za taifa kuanzia 1994, ilipoziunganisha mwaka 1997 ili kupata mmoja mfupi, sehemu ya kumwita Roho haikuingia.

Sababu zinaeleweka. Nchi ina Waislamu, ina Wakristo, ina wasio na dini, na wimbo wa taifa unapaswa kubebwa na wote. Binafsi naona Tanzania ilifanya kazi nzuri ya uandishi: neno Mungu likabaki, na kila mwananchi anaweza kulitamka kwa imani yake. Lakini ukitaka kumjua Sontonga kama mtu, ukweli huu una uzito. Alichokipenda zaidi katika wimbo wake ndicho kilichokuwa kizito kubeba. Muziki ulivuka mipaka mepesi. Imani iliyouzaa ilibaki kwenye vitabu vya nyimbo vya makanisa ya kusini, na huko bado inaimbwa.

Nadhani ndiyo maana simulizi nyingi humgeuza kuwa mwanaharakati. Ni rahisi: wimbo ulikuwa wa mapambano, basi mtunzi naye awe mpambanaji. Yeye alikuwa mwalimu wa Kimethodisti aliyeomba. Kumpa bendera ambayo hakuishika ni kumzika mara ya pili chini ya jina lisilo lake.

Waliobaki

Linganisha na wenzake wawili katika wimbo huohuo. Mqhayi aliandika vitabu na kuandika magazetini. Plaatje alihariri magazeti, aliandika shajara ya kuzingirwa kwa mji wa Mafikeng katika vita vile vya Waingereza na Makaburu, aliandika vitabu. Wote wawili wana tarehe kamili, makaburi yanayojulikana na maandishi yao wenyewe. Hawakuwa na kipaji zaidi yake kwa lazima. Walikuwa na karatasi iliyochapwa, tena nakala nyingi, mikononi mwa watu wasiojuana. Hapo ndipo tofauti ilipo, na inaudhi kidogo kwamba ni jambo dogo namna hiyo.

Sasa nije kwa wale tunaowazika wenyewe. Mara nyingi wasifu wa marehemu unaosomwa kanisani huandikwa usiku wa kuamkia mazishi, na mtu aliyechoka, akiwa na simu sikioni. Huwa una sentensi kama hii: marehemu alikuwa mcha Mungu, mpenda familia, na mwenye kipaji cha muziki. Sentensi hiyo ni kweli tupu kwa Sontonga. Haina kosa hata moja. Na isingemsaidia mtu yeyote kulipata kaburi lake, wala daftari, wala wimbo wake wa pili.

Kinachosaidia ni vitu vya kushikika. Majina yote: la ukoo, la ubatizo, na lile walilomwita wanakwaya, maana huwezi kujua karani gani ataandika lipi. Kwaya alizofundisha, kwa jina na mwaka. Nyimbo alizotunga, kila mmoja na ufunguo wake na ibada uliyoimbwa mara ya kwanza. Jambo moja ambalo mkewe pekee analijua, na aulizwe yeye kwanza kabla ya mwenyekiti wa kamati. Kama alikuwa akipiga besi kwa kidole mezani wakati wa chakula ili ajue kama inakaa, liandikwe hilo, litamweleza kuliko "kipaji" mara kumi.

Halafu daftari. Kila mwalimu wa kwaya analo, mara nyingi limevimba kwa karatasi zilizobandikwa, na wiki ya matanga ndiyo wiki ambayo watu watatu au wanne watakuja kuliomba, kwa nia njema kabisa. Lisitoke kabla halijapigwa picha, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na majalada, kwa sababu majina na tarehe hupenda kuandikwa kwenye majalada. Nakala moja ikae kwa mjane, moja kwa mtoto mkubwa, moja kwenye kabati la kwaya, na juu ya kila wimbo liandikwe jina la mtunzi hata kama kila mtu chumbani analijua.